Bango Kwenye Kiwanja cha Jirani: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia na Kupinga Mabadiliko ya Matumizi ya Ardhi Katika Halmashauri za Miji Tanzania

Kwa kawaida ni kipande cha bati kilichopigiliwa kwenye nguzo mbili, kikiwa na maandishi meusi ambayo mvua ya wiki moja imekwisha kuyafifisha: mmiliki wa kiwanja anakusudia kubadili matumizi kutoka makazi kuwa kituo cha mafuta, ukumbi wa sherehe, ghala au jengo la biashara na makazi. Majirani husoma, huguna, kisha hupita. Miezi kadhaa baadaye, tingatinga linapoangusha mwembe wa mpakani, ndipo wanapomwendea diwani kwa hasira, naye huwajibu, tena bila kudanganya, kwamba suala hilo lilijadiliwa zamani na hakukuwa na pingamizi lolote kwenye jalada.

Neno "jalada" ndilo la kushika katika mwongozo huu wote. Halmashauri huamua kwa karatasi zilizomo ndani ya jalada, na uamuzi wenyewe huwa umekwisha kuiva kabla madiwani hawajavaa majoho na kuketi ukumbini. Mkazi anayetaka kusikilizwa hana budi kuingiza karatasi yake humo mapema, akijua meza inayoipokea na muda uliobaki. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuifuata njia ya jalada hilo, tangu bango hadi mahakamani, kwa mfano wa mabadiliko ya matumizi ya kiwanja kimoja.

Kabla ya yote: nani huamua nini

Serikali za mitaa zimewekwa na ibara za 145 na 146 za Katiba ya Jamhuri ya Muungano, na mamlaka za miji huendeshwa kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982. Kwa upande wa upangaji, sheria kuu ni Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya mwaka 2007, iliyochukua nafasi ya sheria ya kikoloni ya mwaka 1956. Chini ya sheria hiyo, kila halmashauri ni mamlaka ya upangaji ndani ya eneo lake.

Baraza la Madiwani huundwa na madiwani waliochaguliwa katika kata, madiwani wanawake wa viti maalum, pamoja na wabunge. Meya huchaguliwa na madiwani wenzake. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, naye ndiye katibu wa Baraza na mtendaji mkuu wa halmashauri. Mgawanyo huu una maana kubwa kwa mwenye pingamizi, kwa sababu wataalamu wote, wakiwamo maafisa mipangomiji, maafisa ardhi na wahandisi, wako chini ya mkurugenzi, na masjala, yaani ofisi inayopokea na kutunza barua na majalada, ni yake. Barua yetu ya kwanza, katika manispaa ambayo sitaitaja, tuliiandika kwa Mstahiki Meya kwa heshima zote. Ilikaa ofisini kwake wiki sita, ilhali jalada lilikuwa ghorofa ya chini kwa afisa mipangomiji, ambaye hakuwa na habari kwamba kuna mtu anayelalamika.

Jambo la pili la kulijua ni kwamba mabadiliko ya matumizi hupita milango miwili. Halmashauri hupokea maombi, huyachambua na kuyapitisha au kuyakataa katika kamati yake. Lakini masharti ya hati miliki hutolewa na Kamishna wa Ardhi, kwa hiyo jalada likitoka halmashauri huendelea kwenye mamlaka za ardhi za serikali kuu, ambazo tangu mwaka 2020 zina ofisi katika kila mkoa. Aliyeshindwa katika mlango wa kwanza bado ana wa pili. Kibali cha ujenzi ni uamuzi mwingine tena, wenye jalada lake.

Wakazi wa Dar es Salaam wahakikishe wanabisha hodi katika halmashauri sahihi. Halmashauri ya Jiji ya zamani, iliyokuwa juu ya manispaa zote, ilivunjwa mwezi Februari 2021, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni zimebaki kuwa manispaa zinazojitegemea. Mkazi wa Mbagala anayepeleka barua "Jiji" anaipeleka kwa wasiohusika. Dodoma nako, hati na michoro ya zamani hutaja Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyovunjwa mwaka 2017. Shughuli zake sasa ziko chini ya halmashauri.

Hatua ya kwanza: lipige picha bango siku hiyo hiyo

Piga picha tatu: moja ya karibu inayosomeka, moja inayoonyesha bango likiwa ndani ya kiwanja, na moja ya mbali inayoonyesha barabara na nyumba za jirani. Ikiwezekana, washa tarehe kwenye kamera ya simu. Muda wa kupokea maoni kwa kawaida ni siku 30, lakini hesabu inayokuhusu ni ile iliyoandikwa kwenye bango lenyewe na kwenye tangazo la gazetini, kwa hiyo zinakili tarehe zote mbili. Bango lililosimikwa nyuma ya ukuta, lililokaa siku nne likang'olewa, au lisilotaja namba ya kiwanja, ni kasoro ya utaratibu ambayo baadaye inaweza kuwa na uzito kuliko hoja zako zote, mradi unaweza kuithibitisha. Kwa sababu hiyo rudi kila wiki upige picha nyingine, hata kama hakuna kilichobadilika.

Hatua ya pili: kijue kiwanja kwa namba zake

Ofisini hakuna anayekijua "kile kiwanja cha Mama Neema karibu na kisima". Unahitaji namba ya kiwanja, jina la kitalu, mtaa na kata, na ikiwezekana namba ya mchoro wa mipangomiji. Nenda ofisi ya mipangomiji ya halmashauri, omba kuonyeshwa mchoro wa eneo lenu, na uangalie mambo mawili.

La kwanza ni matumizi yaliyoidhinishwa. Hati hutaja kundi la matumizi kwa herufi kubwa na daraja kwa herufi ndogo, na tafsiri ya herufi hizo imo katika kanuni za makundi na madaraja ya matumizi ya ardhi. Muulize afisa akueleze herufi za sasa na zile zinazoombwa. Wakati mwingine utagundua kwamba kilichoandikwa kwenye bango kuwa "makazi na biashara" kinaombwa ofisini kwa daraja pana zaidi, linaloruhusu shughuli ambazo mwombaji hakuzitaja mbele ya majirani.

La pili ni kama kiwanja hicho kweli ni cha mtu. Katika maeneo yaliyopimwa, kama vile yale ya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002, mchoro ulitenga shule, masoko, zahanati na maeneo ya wazi, na baadhi ya maeneo hayo hukaa muda mrefu bila kujengwa hadi watu wakasahau yalitengwa kwa ajili gani. Iwapo mchoro unaonyesha eneo la wazi, hoja yenu inabadilika kabisa: hamjadili tena kelele na msongamano, mnauliza ardhi ya umma ilimfikiaje mwombaji.

Kwa wanaoishi katika maeneo ambayo hayakupangwa, na ndio wakazi wengi wa miji yetu, mchoro unaweza usiwepo au uwe ni wa urasimishaji, yaani wa kuyapanga na kuyatambua makazi yaliyokwisha kujengwa, ulioandaliwa juzi. Hapo tafuteni nakala ya mchoro wa urasimishaji kwenye kamati ya mtaa, mkague upana wa njia na sehemu zilizoachwa kwa huduma, kwa kuwa mkishaukubali ndio utakaotumika dhidi yenu au kwa ajili yenu.

Hatua ya tatu: ofisi ya mtaa, mahali ambapo mambo mengi huharibika

Nitakaa hapa kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu kesi nyingi hushindwa katika chumba hiki chenye benchi mbili na bendera mlangoni.

Mwombaji wa mabadiliko huhitaji kuonyesha kwamba majirani wameshirikishwa. Ushahidi wa kawaida ni barua ya serikali ya mtaa, muhtasari wa mkutano wa wakazi, na orodha ya majina na saini. Mtendaji wa mtaa huandaa, mwenyekiti husaini, muhuri hupigwa, na karatasi hizo hutangulia kwenye jalada. Afisa mipangomiji akizikuta hana sababu ya kudhani kwamba wakazi wanapinga.

Tatizo kubwa huwa ni saini. Mkutano huitishwa kwa mambo matatu au manne, mathalani ulinzi shirikishi, taka na barabara, na ajenda ya kiwanja huwekwa mwishoni chini ya "mengineyo". Karatasi ya mahudhurio huzunguka, kila mtu husaini, na wengine huondoka mapema. Baadaye karatasi hiyo hiyo huambatishwa kwenye muhtasari unaosema kwamba wakazi waliridhia. Pengine hakuna hila yoyote, ni uzembe tu wa uandishi; matokeo ni yale yale. Basi soma kichwa cha karatasi kabla ya kusaini, na kama hakina kichwa, andika wewe mwenyewe juu yake "MAHUDHURIO TU" mbele ya wenzako. Atakayekasirika amekuonyesha jambo.

Mkiwa mnapinga, ombeni kwa maandishi kwamba mwenyekiti aitishe mkutano wenye ajenda hiyo peke yake. Mkutanoni, msitegemee kelele. Hakikisheni mambo yafuatayo yanaandikwa kwenye muhtasari: idadi ya waliohudhuria, idadi ya waliounga mkono na waliopinga, sababu zilizotolewa na kila upande, na kama mwombaji au mwakilishi wake alikuwepo na alijibu nini. Muhtasari unaosema "wananchi walitoa maoni mbalimbali" hauna faida kwa yeyote. Ombeni nakala yenye muhuri kabla hamjatawanyika au ndani ya siku chache, kwa sababu muhtasari ukikaa muda mrefu kwenye meza hubadilika rangi.

Ni haki pia kumsikiliza mwombaji. Nimeona pingamizi likiisha hapo hapo mtaani kwa mwombaji kukubali kuhamisha lango kutoka kichochoro cha nyumba kwenda barabara kuu na kujenga tangi la maji taka upande wa mbali na kisima. Makubaliano ya aina hiyo yaandikwe kama masharti, yasainiwe na pande zote, na nakala iende halmashauri ili yaingizwe kwenye uamuzi. Ahadi ya mdomo humalizika kiwanja kinapouzwa.

Hatua ya nne: barua ya pingamizi

Barua iandikwe kwa mkurugenzi, ipitie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji wa kata pale inapowezekana, na nakala zake ziende kwa diwani wa kata na kwa Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa mkoa. Iwapo mwenyekiti anakataa kuipitisha, msimbembeleze hadi muda uishe: ipelekeni moja kwa moja masjala na mtaje ndani ya barua kwamba alikataa, kwa tarehe.

Mfano wa mwili wa barua ni huu:

*Mkurugenzi wa Manispaa,*
*Halmashauri ya Manispaa ya …,*
*S.L.P. …*

*YAH: PINGAMIZI DHIDI YA KUSUDIO LA KUBADILI MATUMIZI YA KIWANJA NA. … KITALU …, MTAA WA …, KATA YA …, KUTOKA MAKAZI KUWA KITUO CHA MAFUTA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*2. Sisi tuliosaini hapa chini ni wamiliki na wapangaji wa nyumba zinazopakana na kiwanja kilichotajwa au zilizo jirani nacho, kama inavyoonyeshwa kwenye mchoro tulioambatisha. Tarehe … tuliona bango la kusudio la kubadili matumizi (picha zimeambatishwa).*

*3. Tunapinga mabadiliko hayo kwa sababu zifuatazo: (a) barabara inayoingia kwenye kiwanja ina upana wa mita … tu na haina njia nyingine ya kutokea, (b) kiwanja kiko mita … kutoka shule ya msingi, (c) kisima kinachotumiwa na kaya … kiko mita … kutoka mahali panapokusudiwa kuchimbiwa matangi, (d) mkutano wa wakazi unaotajwa na mwombaji haukuwa na ajenda hii.*

*4. Tunaomba: kwanza, maombi haya yakataliwe, pili, kabla ya kuamua, Kamati itembelee eneo na kutuarifu tarehe, tatu, tujulishwe uamuzi kwa maandishi.*

*5. Tunawasilisha.*

Kifungu cha tatu ndicho kinachobeba barua nzima. Afisa mipangomiji hupima mambo yanayopimika: upana wa barabara, maegesho, umbali na shule au hospitali, mkondo wa maji ya mvua, uwezo wa mfumo wa maji taka, njia ya gari la zimamoto, na kama shughuli inayoombwa inaoana na mpango uliopo. Chukueni futi kamba mkapime wenyewe. Kanuni za viwango vya mipangomiji za mwaka 2018 zimeweka vipimo vya nafasi kwa matumizi mbalimbali, na barua inayosema "mita 6" husomwa tofauti na inayosema "barabara ni finyu sana".

Kuna hoja zinazopunguza nguvu ya barua, nazo ni zile zinazomhusu mtu: kwamba mwombaji si mwenyeji, kwamba ana majivuno, kwamba biashara yake itaua duka la mmoja wenu. Hoja ya baa karibu na nyumba ya ibada ina mahali pake, ingawa sehemu yake kubwa husikilizwa wakati wa kuomba leseni ya vileo, na kelele zina kanuni zake za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira. Itajeni kwa ufupi, kisha mrudi kwenye vipimo.

Zipo pia shughuli ambazo hazipaswi kuanza bila tathmini ya athari kwa mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na kituo cha mafuta ni mojawapo ya zile ambazo wakazi wanapaswa kuuliza kuhusu cheti chake. Ulizeni ofisi ya kanda ya NEMC, baraza la taifa linalosimamia mazingira, kama mradi umesajiliwa. Ukusanyaji wa maoni wa NEMC ni nafasi nyingine ya kusikilizwa, tofauti na ile ya halmashauri, na haifai kudhani kwamba ofisi moja huipa nyingine nakala.

Pelekeni barua masjala kwa mkono, mkiwa na nakala mbili, na msiondoke mpaka nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Siku tatu baadaye rudini muulize imeelekezwa kwa nani. Swali hilo la pili ndilo linaloifikisha barua kwenye jalada.

Hatua ya tano: Kamati ya Mipangomiji na Mazingira

Hapa ndipo uamuzi wa halmashauri unapofanyika hasa. Kamati ni ya madiwani wachache, wataalamu huhudhuria na kutoa ushauri, na kikao si cha wazi kwa umma kama kilivyo kikao cha Baraza. Wajumbe hupewa kabrasha, yaani kitabu cha nyaraka za kikao, lenye orodha ya maombi: namba ya kiwanja, jina la mwombaji, matumizi ya sasa, yanayoombwa, maoni ya wataalamu, na mara nyingi safu ya mwisho ya mapendekezo. Orodha inaweza kuwa na maombi mengi, na mjumbe aliyeletewa kabrasha jana yake hana muda wa kusoma kila mstari. Kazi yenu ni kuhakikisha kwamba kwenye mstari wenu neno "pingamizi" limeandikwa.

Mwone diwani wenu kabla ya kikao, mkiwa watu wawili au watatu, si msafara. Mpeni nakala ya barua yenye muhuri na ukurasa mmoja wa muhtasari wa vipimo. Muulizeni kama ni mjumbe wa kamati hiyo. Kama si mjumbe, muombeni awatambulishe kwa mwenyekiti wake. Muombeni ahoji jambo moja tu mahususi, kwa mfano kwa nini kamati haijatembelea eneo. Kwa kawaida ombi la kutembelea eneo huahirisha uamuzi hadi kikao kijacho, na muda huo ni mali.

Diwani mwenye maslahi ya kifedha katika jambo linalojadiliwa anatakiwa kisheria kuyatamka na kutoshiriki katika mjadala na kura. Mkiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba mjumbe fulani ni mbia wa mwombaji, mwandikieni mkurugenzi kwa lugha ya heshima, mkimuomba ahakikishe tamko hilo linafanyika. Mkiwa na ushahidi wa fedha kupita chini ya meza, hilo si la barua ya pingamizi. Ni la TAKUKURU, namba 113, na ni bora lisichanganywe na hoja za barabara na visima.

Hatua ya sita: kikao cha Baraza la Madiwani

Baraza hukutana kikao cha kawaida angalau mara moja kila miezi 3, na wananchi na waandishi wa habari wanaruhusiwa kukaa kwenye viti vya wageni, isipokuwa pale Baraza linapoamua kukaa faragha. Hamna haki ya kusema. Nendeni hata hivyo, kwa sababu taarifa ya kamati husomwa au huwasilishwa hapo, na mtasikia kwa masikio yenu kilichoamuliwa.

Sikilizeni vitenzi. "Kamati ilipokea taarifa" maana yake haikuamua. "Iliahirisha" maana yake jalada litarudi. "Iliridhia" maana yake limepita, na "iliridhia kwa masharti" maana yake kuna orodha ambayo lazima muipate. "Ilielekeza" humtwisha mkurugenzi kazi, na kazi hiyo itaulizwa katika kikao kijacho chini ya ajenda ya yatokanayo, yaani mambo yaliyotokana na kikao kilichopita. Diwani mwenye kumbukumbu nzuri hufanya maajabu kwenye yatokanayo. Wakumbusheni wenu wiki moja kabla.

Hatua ya saba: pateni uamuzi kwa maandishi

Kama barua ya kuwajibu haijaja, andikeni ombi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016, ambayo humpa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma na kuitaka mamlaka hiyo kujibu ndani ya siku 30. Ombeni vitu kwa majina yake: dondoo ya muhtasari wa kamati ya tarehe fulani kuhusu kiwanja fulani, masharti yaliyowekwa, na nakala ya muhtasari wa mkutano wa mtaa uliowasilishwa na mwombaji. Ombi la "taarifa zote kuhusu mradi" hupata jibu la jumla, au halipati kabisa.

Ulinganisheni muhtasari wa mtaa uliomo kwenye jalada na nakala mliyoichukua siku ya mkutano. Nawaachieni wenyewe mtakachokikuta.

Hatua ya nane: juu ya halmashauri, kisha mahakamani

Maadamu mabadiliko hayajakamilika katika mamlaka za ardhi, pelekeni pingamizi lile lile, pamoja na uamuzi wa kamati, kwa Kamishna Msaidizi wa Ardhi wa mkoa. Barua iwe fupi na ieleze kasoro mbili au tatu zinazothibitika. Katibu Tawala wa Mkoa naye hupokea malalamiko dhidi ya mwenendo wa halmashauri, kwa kuwa sekretarieti ya mkoa huzisimamia halmashauri kwa niaba ya TAMISEMI, wizara inayoshughulikia tawala za mikoa na serikali za mitaa.

Kwenda mahakamani kunahitaji wakili, au angalau ushauri kutoka kwa watoa msaada wa kisheria wanaotambuliwa chini ya sheria ya mwaka 2017. Ninachoweza kukupa hapa ni milango iliyopo na muda usiopaswa kukupita. Baraza la Kata, tangu marekebisho ya mwaka 2021, lina mamlaka ya kusuluhisha tu migogoro ya ardhi, si kuiamua, hivyo ni mahali pa kupatana na jirani na halitengui uamuzi wa halmashauri. Kesi ya madai dhidi ya halmashauri hufunguliwa Mahakama Kuu baada ya notisi ya siku 90, na tangu mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Kumwacha nje huiua kesi. Njia nyingine ni kuomba Mahakama Kuu ipitie upya mwenendo wa uamuzi wenyewe: ombi la ruhusa hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi, na ruhusa ikitolewa, maombi yenyewe hufunguliwa ndani ya siku 14. Mahakama huko haiulizi kama kituo cha mafuta ni kizuri au kibaya. Inauliza kama mamlaka ilifuata sheria na ilimsikiliza aliyestahili kusikilizwa, na hapo ndipo picha za bango na nakala yenye muhuri hupata thamani yake.

Siku 90 za notisi ni nyingi mbele ya tingatinga. Mwambieni wakili siku ya kwanza kabisa kwamba mnahitaji kuomba zuio la muda wakati notisi ikiendelea.

Hatua ya tisa: ujenzi ukianza

Mabadiliko ya matumizi yakikubaliwa, bado hakuna ruhusa ya kujenga. Kibali cha ujenzi huombwa peke yake, kwa michoro ya usanifu na ya kihandisi, na mafundi wakianza muulize namba ya kibali, ambayo inatakiwa kuonekana kwenye ubao wa mradi. Kama hakuna, toa taarifa kwa maandishi kwa mtendaji wa kata na kwa mkaguzi wa majengo wa halmashauri. Alama nyekundu ya X ukutani pamoja na neno SIMAMISHA au BOMOA na tarehe ni onyo la halmashauri. Ipige picha, kisha upige nyingine kila jengo linapopanda kozi kadhaa za tofali juu ya alama hiyo, na uzipeleke picha zote pamoja.

Kama kulikuwa na masharti, yafanyeni kuwa orodha ya ukaguzi: lango liko upande uliokubaliwa? Mtaro umejengwa? Tangi la maji taka liko wapi? Kasoro ikionekana kwenye msingi hurekebishwa; ikionekana wakati wa kupaka rangi huombewa msamaha.

Faili lenu lisikae kwa mtu mmoja. Maafisa huhamishwa, na wenyeviti wa mitaa huchaguliwa kila baada ya miaka 5, mara ya mwisho ikiwa tarehe 27 Novemba 2024, na mwombaji aliyekataliwa anaweza kusubiri wageni hao waingie kisha akasimika bango jipya pale pale, safari hii labda akiomba "duka na ofisi". Tengenezeni nakala tatu: moja ikae ofisi ya mtaa kwa kusainiwa kwenye daftari la makabidhiano, moja kwa katibu wa wakazi, na moja nyumbani kwa yule jirani ambaye uzio wake unapakana na kiwanja.